Vijana Wetu wa Thika na Ruiru, na Dhiki ya Nyoyo Zao

Bismillahi Rahmani Rahim. Twamshukuru Mwenyezi Mungu, Mwenye kuzigeuza nyoyo, na twamuomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Katika darasa letu la baada ya Magharibi mzee mmoja aliuliza swali, na swali hilo limetukaa moyoni hata tukaona ni wajibu wetu kulijibu kwa kalamu, ili lifae na wasiokuwapo. Alisema: "Sheikh, sisi tulikulia katika nyumba za makuti, taa yetu ni kibatari, chakula mara mbili kwa siku, na usingizi tukilala. Vijana wa leo wana stimu, wana simu mkononi, na wamesoma kuliko sisi. Mbona nyoyo zao hazitulii? Mbona wasema wamechoka kuishi, ilhali hawajaanza kuishi?"

Waliokuwapo walijibu kwa haraka, kila mmoja na lake. Wa kwanza alisema ni upungufu wa imani. Wa pili alisema ni simu. Wa tatu alisema ni hasadi na majini. Sisi tulinyamaza, kwani siku chache kabla ya hapo tulikuwa tumerejea kutoka Thika na Ruiru, na tuliyoyaona huko yalikuwa hayajatutoka. Leo twataka kuyaeleza, na kuyapima kwa mizani ya dini yetu.

MIJI HII MIWILI

Wengi katika wasomaji wetu wana mtoto huko, au mtoto wa ndugu, wala wao wenyewe hawajapata kufika. Atokaye Mombasa hupanda treni mpaka Nairobi, kwa njia ile iliyofunguliwa mwaka 2017, kisha hushika barabara kuu iendayo kaskazini, iliyofunguliwa mwaka 2012, yenye urefu wa kilomita 50 hivi. Huipitia Ruiru, kisha Juja, ndipo afike Thika, ulipo mto Chania. Zamani nchi ile ilikuwa ni mashamba ya kahawa, katani na mananasi. Mananasi yapo mpaka leo, lakini mashamba mengi ya kahawa yameng'olewa, na mahali pake pamesimama nyumba za ghorofa tano na sita, chumba juu ya chumba.

Vijana wetu huenda huko kwa mambo mawili, elimu na kazi. Juja kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Thika kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Ruiru kuna Zetech, na kando ya barabara hiyo hiyo, upande wa Kahawa, kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta. Viwanda vya Thika navyo vyajulikana tangu zamani.

Serikali ilipokhesabu watu mwaka 2009, mji wa Ruiru ulikuwa na watu 239,000 hivi. Ilipokhesabu tena mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 490,000. Fikiri, ewe ndugu, maana ya khesabu hii. Katika kila watu wawili utakaowakuta njiani, mmoja hakuwapo miaka kumi kabla. Ni mji wa wageni watupu, kila mtu ametoka kwao, kila mtu ana haraka, na mlango wa jirani hufungwa saa moja usiku. Sisi tuliokulia Mji wa Kale wa Mombasa, au Lamu, au Malindi, hatukuweza kupita baraza tatu bila ya kuulizwa: "Wewe ni mwana wa nani? Waenda wapi? Mama hajambo?" Tukiona udhia, tukipita kwa vichochoro ili tusiulizwe. Leo twaona kwamba maswali yale yalikuwa ni ulinzi.

TULIYOYAONA

Siku ya pili ya safari yetu tulisali Adhuhuri katika msikiti mmoja wa Thika. Watu walipotoka, tulimuona kijana amesalia peke yake karibu na nguzo, hasomi, haswali, hashiki tasbihi, amekaa tu. Tulipomsogelea tukamtambua. Alikuwa mwanafunzi wetu wa madrasa. Jina lake hatulitaji, na mambo yake twayaeleza kwa ruhusa yake.

Tulimsalimu, naye akasema hajambo. Tukamuuliza mara ya pili, akasema hajambo. Tulipomuuliza mara ya tatu, tukiwa tumekwisha kukaa chini mbele yake, alilia. Mamake aliuza bangili zake ili amsomeshe. Alimaliza chuo, akapata shahada, na kwa miaka miwili ametafuta kazi aliyoisomea asiipate. Amepata kibarua katika ghala moja Ruiru, na ujira wake huishia katika kodi ya chumba. Kila mwezi hukopa kwa simu ili apeleke kitu nyumbani, mama asijue hali yake. Kisha hukopa kwengine ili alipe pale. Usingizi umemkimbia, chakula hakipandi. Alisema: "Nikiamka asubuhi, sheikh, natafuta sababu ya kuvaa viatu, siioni."

Tukamuuliza: "Umemwambia nani haya?" Akasema: "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Ndugu zetu, twakiri mbele yenu jambo ambalo lingekuwa rahisi kulificha. Namba ya kijana huyu tulikuwa nayo katika simu yetu kwa muda wa miaka mitatu. Mara ya mwisho tulipomwandikia tulimuomba mchango wa kuezekea madrasa, naye aliutuma siku ile ile, nasi tukamuombea dua na tukamsifu mbele ya watu. Siku hiyo msikitini alitwambia kwamba mchango ule aliukopa. Basi paa lile tulilo chini yake tukiwafundisha watoto ubaya wa riba, bati zake nyingine zilinunuliwa kwa mkopo wa riba, na sisi ndio tuliouomba bila ya kuuliza hali ya muombwa.

JE, NI UPUNGUFU WA IMANI?

Neno hili ndilo la kwanza kutoka vinywani mwetu, nalo ndilo linalowafunga vijana midomo. Twawauliza wasemao hivyo: Je, Nabii Yaakub (a.s.) alikuwa na upungufu wa imani? Qur'ani yatupa khabari kwamba alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni, naye ni mtume wa Mungu. Na Bibi Maryamu, aliyetukuzwa juu ya wanawake, uchungu ulipomfika peke yake chini ya mtende, alitamani lau angekufa kabla ya siku ile. Naye hakujibiwa kwa kukaripiwa. Alipewa maji chini yake na tende juu yake, akaambiwa ale, anywe na atulie. Na Mtume wetu (s.a.w.), wahyi ulipokawia kwake na washirikina wakasema kwamba Mola wake amemuacha, aliingiwa na dhiki kubwa, ndipo ikateremka Sura ya Wadhuha kumtuliza. Na mwaka waliofariki Bibi Khadija na Abu Talib, wanavyuoni wameuita Mwaka wa Huzuni. Hakuna katika hao ambaye imani yake ilikuwa pungufu.

Kisha tumkumbuke Abu Umama, mtu katika Maansari. Ipo khabari aliyoipokea Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini wakati usiokuwa wa sala, akamkuta mtu huyo amekaa. Akamuuliza: ni lipi lililokuweka hapa saa hii? Naye akajibu kwamba ni mashaka na madeni yaliyomwandama. Mtume akamfundisha dua ya kuisoma asubuhi na jioni, ya kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na huzuni, na uvivu, na woga, na mzigo wa deni, na kuonewa na watu.

Tazama mpango wa kisa hiki, ewe ndugu. Mtume aliona kwanza, kwani mtu aliyekaa msikitini saa isiyokuwa ya sala ana jambo. Kisha aliuliza. Kisha alisikiliza. Na mwisho ndipo alipofundisha. Sisi twaanza mwisho. Twamfundisha kijana kabla ya kumsikiliza, na twamhukumu kabla ya kumuuliza. Kisha twastaajabu kwamba haji kwetu.

KINAA NI NINI?

Huenda akasema msemaji: "Lakini vijana hawa hawana kinaa. Wataka kila kitu, na wakitaka leo." Twamjibu kwamba hapana shaka kinaa imepungua, nasi hatusemi kinyume cha hivyo. Lakini tujue imepunguzwa na nini, na imepunguzwa na nani.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba katika mambo ya dunia tumtazame aliye chini yetu, wala tusimtazame aliye juu yetu, ili tusizidharau neema za Mungu. Zamani kuyatimiza mafunzo haya kulikuwa kwepesi. Tajiri wa mtaa alikuwa mmoja, na watu wote walimjua, walijua jumba lake na walijua pia ugonjwa wake na ugomvi wa wanawe. Leo kijana alalae peke yake katika chumba kimoja cha Ruiru huonyeshwa na simu yake, kabla hajafumba macho, majumba mia ya Dubai na harusi mia na magari mia. Haonyeshwi deni la mwenye gari wala machozi ya mwenye harusi. Jicho lake limepandishwa juu kwa nguvu, kila usiku, mpaka amesahau kwamba chini kuna watu. Basi kijana na aijue khatari hii, na aufanye usiku wake kuwa na mpaka: simu iwe mbali, udhu, witri, na kulala.

Lakini twasema na wazazi pia, tena kwa sauti kubwa zaidi. Ni nani aliyemfundisha mtoto kujipima kwa wengine? Mama aliyemwambia kila wiki kwamba mwana wa fulani amejenga, na baba aliyemuuliza kila Ijumaa kwamba gari atanunua lini, hawana haki ya kumlaumu siku ya pili kwa kukosa kinaa. Na sisi tufanyao harusi za siku saba kwa fedha za kukopa, ili watu wasiseme, twamfundisha kijana kwa vitendo kwamba heshima ya mtu ni kile kionekanacho. Kinaa haifundishwi kwa mdomo katika nyumba ambayo haiijui.

Wala kinaa si uvivu, wala si kumwambia mwenye njaa anyamaze. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mwenye ngamia kama amfunge kisha amtegemee Mungu, au amuache tu na amtegemee Mungu, alimuamrisha amfunge kisha amtegemee Mungu. Kijana anayetafuta kazi kwa miaka miwili anamfunga ngamia wake. Kinaa yake ni kwamba, akishatafuta leo kwa uwezo wake wote, alale akijua kwamba riziki imo mkononi mwa Mola wake, wala thamani yake mbele ya Mungu haikupungua kwa sababu hakupata. Hiyo ndiyo kinaa, nayo ni tamu. Lakini haiwezi kukaa katika moyo ambao kila anayempigia simu mwenye moyo huo anamuuliza umepata nini, wala hakuna anayemuuliza umelala vipi.

MADENI NA KAMARI

Katika jambo hili hatutafuni maneno. Mkopo wa simu wenye ziada ni riba, na riba ni haramu. Kuweka fedha juu ya mechi za mpira ni kamari, na kamari ni haramu, hata kama jina lake limepambwa na hata kama huchezwa kwa kidole kimoja. Tumewakuta vijana wa kwetu ambao walianza kwa shilingi hamsini, wakashinda mara moja, na ushindi ule mmoja ukawatia katika khasara ya mwaka mzima. Deni la siri humla mtu usiku na mchana, kwani humfanya aseme uwongo kwa awapendao, na mwenye kusema uwongo kwa awapendao huwa peke yake hata akiwa katikati yao.

Lakini aliyetumbukia kisimani hutolewa kwanza, kisha ndipo huulizwa alitumbukiaje. Mungu ameweka fungu katika Zaka kwa ajili ya wenye kulemewa na madeni. Fungu hilo limo katika Qur'ani kama lilivyomo fungu la mafakiri. Lini mara ya mwisho tulipolitoa kumfungua kijana aliyetubia, kwa sharti la kuiacha njia ile?

NA YALIYO MARADHI

Yapo tena mambo ambayo si huzuni ya kawaida wala si upungufu wa kinaa, bali ni maradhi kama yalivyo maradhi mengine. Ugonjwa wa moyo kudidimia, na ugonjwa wa khofu isiyokuwa na sababu, na ule wa mtu kusikia sauti zisizokuwapo, ni maradhi yanayotambulikana na yana dawa. Nayo hupenda kuanza katika ujana. Shirika la Afya la Ulimwengu limeeleza kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na kwamba kifo hicho ni cha tatu katika sababu za vifo vya walio na umri wa miaka 15 mpaka 29. Basi hili si jambo la mtoto wa fulani asiyekuwa na adabu.

Wala Waislamu hawakulijua jana. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra (934), alitunga kitabu juu ya siha ya miili na siha ya nafsi, akaeleza kwamba iko huzuni ambayo sababu yake yajulikana, na iko huzuni ambayo humjia mtu pasina sababu aijuayo, nayo asili yake imo mwilini na hutibiwa. Na Imam Ghazali, ambaye hakuna mmoja wetu atakayethubutu kusema kwamba hana ilmu wala imani, ametueleza mwenyewe kwamba mwaka 488 wa Hijra (1095), akiwa mwalimu mkuu wa Baghdad, ulimi wake ulifungika asiweze kusomesha, chakula hakikumpita kooni, na matabibu walishindwa naye. Ikiwa jambo hili lilimfika Hujjatul Islam, limstahiki kijana wa Ruiru kusitiriwa na kuhurumiwa.

Hapa twawaonya ndugu zetu juu ya desturi iliyoenea kwetu pwani. Kijana akianza kukaa kimya na kukataa chakula, jambo la kwanza ni kumrejesha nyumbani kwa siri, kisha kumpeleka kwa mganga. Akapigiwa ramli, akachinjiwa kuku mweusi, akavishwa hirizi, akapungwa, na fedha zikateketea mpaka ugonjwa umekomaa. Kusoma Qur'ani na dua zilizothubutu juu ya mgonjwa ni sunna, nasi twaihimiza. Lakini ramli na kuchinjia mizimu ni ushirikina, na mgonjwa hatibiwi kwa kumuasi Aliye na dawa. Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wajitibu, akasema kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa illa ameuteremshia dawa. Mombasa pana matabibu wa maradhi haya Port Reitz, Nairobi iko hospitali ya Mathari, na anayeishi Thika na aanzie hospitali kuu ya Thika. Kusoma Yasini na kumeza dawa ya daktari havigombani.

Na mji wenyewe wa Ruiru una somo kwetu. Kahawa ya Kenya ilipoingiliwa na ugonjwa unaoozesha buni changa, wakulima walipata khasara kubwa. Watafiti wa kahawa walio hapo Ruiru hawakukaa wakautukana mti kwamba ni dhaifu kuliko miti ya babu zao. Walichunguza, wakapandisha mbegu na mbegu kwa miaka, mpaka mwaka 1985 wakatoa mbegu iitwayo Ruiru 11, yenye kuustahamili ugonjwa huo. Ikiwa watu walisubiri hivyo kwa ajili ya mti, je, sisi hatuwezi kusubiri na mwanadamu, tumchunguze kinachomla badala ya kumuambia kwamba sisi tulikuwa na nguvu kuliko yeye?

JUU YA MWENYE KUFIKIRI KUJIUA

Kujiua ni haramu kubwa, wala hatutaki mtu alifanye jambo hili kuwa jepesi. Roho ni amana, na mwenye amana ni Mungu. Lakini kwa sababu ni jambo kubwa ndio haijuzu kulinyamazia. Ukimuona kijana amekata tamaa, anagawa vitu vyake, anaaga watu pasina safari, muulize wazi wazi, kwa upole, kama nafsi yake yamwambia ajidhuru. Kumuuliza hakumtii fikra hiyo. Wanaolijua jambo hili wamehakikisha kwamba kuulizwa humpunguzia mzigo. Kisha usimuache peke yake, na mfikishe kwa daktari siku ile ile.

Na asiogope mtu kumpeleka hospitali kwa kudhani atashitakiwa. Kifungu cha 226 cha Sheria ya Makosa ya Jinai kilimfanya mwenye kujaribu kujiua kuwa mkosa wa kufungwa, lakini mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba.

Na kwa aliyefikwa na msiba huu nyumbani kwake, twamwambia hukumu ya madhehebu yetu ya Imam Shafi: aliyejiua ni Muislamu, huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, na huzikwa pamoja na Waislamu. Mtume (s.a.w.) hakumsalia yeye mwenyewe mtu aliyejiua, na wanavyuoni wamesema kwamba hilo lilikuwa ni onyo kwa walio hai, na sahaba walimsalia. Na ambaye akili yake iliondoka kwa ugonjwa, kalamu nayo imeondolewa kwake. Basi jirani na aende matangani, na akae, na aufunge mdomo wake. Hesabu ya marehemu iko kwa Mwenye rehema kuliko mama.

WASIA WETU

Kwa wazazi twausia haya. Mpigie mwanao simu usiyokuwa na haja ndani yake. Usimuulize kazi, usimuulize fedha. Muulize amekula nini, na amelala vipi, na nani rafiki yake. Mwambie kwa ulimi wako kwamba akirudi mikono mitupu mlango uko wazi. Neno hilo moja huenda likawa ndiyo sababu ya yeye kuvaa viatu.

Kwa misikiti ya Thika, Ruiru, Juja na Githurai, na kwa kamati zetu za huku pwani, twausia kwamba liwekwe daftari la vijana wageni. Alikuwako mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume (s.a.w.). Mtume alipomkosa aliuliza khabari zake. Alipoambiwa kwamba amekufa na kuzikwa wao wakiona ni jambo dogo lisilostahiki kumsumbua, alikwenda kaburini akamsalia. Ikiwa Mtume alimkosa mfagizi, imamu gani atakayesema kwamba msikiti wake ni mkubwa, hawezi kujua ni nani asiyeonekana? Watu wawili tu kila msikiti, wenye kuuliza baada ya Ijumaa: fulani yuko wapi? Na chakula cha pamoja mara moja kwa wiki kwa hao walio peke yao.

Na kwa nyinyi vijana, wanetu, twausia kwamba msifiche. Wahenga wamesema kwamba mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mtafute mmoja umuaminiye umwambie ukweli wote, pamoja na deni. Sali pamoja na watu ijapokuwa moyo ni mzito, kwani safu yakushika bega upande wa kulia na upande wa kushoto. Iache miraa na vidonge vya mtaani, kwani hivyo hukopesha furaha kwa riba. Na ukiambiwa na daktari kwamba u mgonjwa, usione haya. Mgonjwa ana ujira kwa Mola wake.

Ama yule kijana wa msikitini, twamalizia khabari yake. Siku ya pili tulikwenda naye hospitali, akaandikiwa dawa na akapangiwa siku za kuonana na daktari. Mamake tulimpigia sisi, mbele yake, naye alinyamaza kwa muda kisha akasema neno moja: "Mwanangu, bangili ni chuma tu." Madeni yake ndugu watatu wameyagawana, na mmoja wa hao watatu imempasa zaidi kuliko wenziwe, kwa ajili ya lile paa. Hatusemi kwamba amekwisha pona. Yumo njiani, na kila Jumatatu na Alkhamisi twampigia simu, wala hatumuombi kitu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azikunjue nyoyo za vijana wetu, awalipie madeni yao, awape riziki ya halali iliyo karibu nao, na atusamehe sisi tuliowatuma mbali kisha tukasahau kuwauliza. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.